Jirani anatishia kuniua, OB ninayo, mbona hashikwi?

SWALI: Wakili, nimepanga chumba Kisauni, Mombasa, uwanja ni mmoja. Tuligombana na jirani kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, tangu hapo akiniona asema atanimaliza, usiku apiga mlango mateke, na wasap anitumia voisi za matusi. OB ya polisi nilichukua zamani, hajaguswa. Kuna mtu nje ya korti ataka elfu nane anitolee oda ya kumzuia na jamaa alale ndani siku mbili. Nimpe?

JIBU: Usimpe hata shilingi, dadangu.

Kwanza hii OB, maana ndiyo inayoniudhi kuliko yote, watu wameaminishwa ukishapewa ile namba kwenye kijikaratasi basi kesi ishafunguliwa. OB ni kitabu cha kuandika yaliyoletwa stesheni, basi. Rudi pale useme wataka kuandikisha taarifa, na maneno uyaandike vile vile alivyoyatamka, "n'takumaliza", usilainishe ukaandika "alinitusi", kwa sababu kutishia kuua ni kifungu cha 223 cha Penal Code, sheria ya makosa ya jinai ya Kenya, kifungo hadi miaka 10, na ile fujo ya usiku ni kifungu cha 95, miezi 6. Nenda na jirani yeyote aliyesikia. Voisi usifute na simu usiuze, korti itataka kujua zimetoka wapi na nani alizitoa. Usiondoke bila jina na namba ya mpelelezi.

Halafu kuna kitu hamkiulizi na ndicho hasa unachokitafuta. Kifungu cha 43 cha Criminal Procedure Code, sheria ya uendeshaji wa kesi za jinai, hakimu akiletewa habari kuwa mtu yuaelekea kuvunja amani, aweza kumwita ajieleze kwa nini asiwekewe bondi ya kutunza amani, yaani ahadi ya maandishi kortini, na wadhamini au bila, isiyozidi mwaka 1. Mwambie OCS, mkuu wa stesheni, waziwazi kuwa wataka hiyo. Ile sheria ya jeuri ya nyumbani ya 2015 usihangaike nayo, ni ya watu wenye uhusiano wa kinyumbani, kama mume na mke na jamaa, jirani hayumo.

Sasa hawa mabroka. Karatasi zao nimeletewa mezani nyingi sana, zimepigwa chapa saiba, nembo ya serikali imefifia kwa kutolewa kopi juu ya kopi, muhuri umekaa upande, na pale pa namba ya kesi hapana kitu. Oda ya korti ina namba ya kesi na rejista, ofisi ya mafaili ya korti, yaweza kuitafuta, na ada ya korti haitumwi kwenye simu ya mtu! Hiyo "siku mbili ndani" nayo, Katiba yasema mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa zikiishia wikendi yangojwa siku ya korti inayofuata, ndiyo maana broka hupenda Ijumaa. Jumatatu jirani atoka, hana kesi, hana bondi, ana hasira mpya na mwarudi uwanja ule ule, na wewe uliyelipa ushakuwa mtoa rushwa, ambaye kwa sheria ya rushwa ya 2016 ana kosa sawa na mpokeaji.

Huna pesa ya wakili, Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi hapa Mombasa. Afande akikataa kuandika taarifa yako muulize jina, panda kwa OCS, naye akikataa peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi.