Ingia, ingiza, toka: maneno ya mlangoni

Swali: Assalaamu alaykum Maalim. Nafanya kazi ya takwimu katika kituo cha afya, Wete. Ripoti za mwezi tunazijaza kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, watu wanne kompyuta moja. Mwongozo uliobandikwa ukutani unasema: "Jisajili kila asubuhi. Ingia nywila yako. Ukimaliza, funga." Wenzangu wanabishania nywila na neno la siri. Mimi langu ni jengine: mwezi uliopita nilifunga kama nilivyoelekezwa, na bado tarakimu za mwenzangu zikatoka kwa jina langu. Kosa ni la lugha au la kompyuta?

Jawabu: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Kosa ni la lugha, na limo kwenye hiyo karatasi.

Ubishi wa nywila haukai sana. Yote mawili ni Kiswahili: nywila yangu, nywila zetu, neno langu la siri, maneno yetu ya siri. Chagueni moja mlitumie karatasi nzima, kwani anayekutana na majina mawili hudhani ni vitu viwili.

"Ingia nywila yako" haisimami hata kidogo. Mtu huingia mahali, kitu huingizwa. Aliyeandika alikuwa akifasiri Kiingereza, ambacho kitenzi chake kimoja hubeba kazi zote mbili. Sisi tunazo ingia na ingiza, kila moja na yake. Hata hivyo mimi ningesema "andika nywila yako", maana ndicho hasa vidole vinachofanya.

Kujisajili ni mara moja, siku akaunti inapofunguliwa, na kazini mara nyingi msimamizi ndiye anayekusajili. Asubuhi unaingia tu.

Sasa "funga", neno lililokuponza. Ulifunga nini? Ulifunga dirisha la kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Nyumbani kwetu mlango una hali zaidi ya moja: kuna kuufunga kwa komeo, na kuna kuushindika, yaani kuurudisha ukaonekana umefungwa, kumbe ukisukumwa unafunguka. Wewe ulishindika. Mfumo huendelea kukuhesabu umo mpaka utoke mwenyewe au muda wa kikao, yaani muda uliopewa wa kukaa ndani, uishe. Mwenzako akafungua kivinjari, akakuta ukurasa uko wazi, akaandika tarakimu zake. Kwa mfumo, aliyeandika ni wewe. Kwa hiyo neno ni "toka", na bora "toka mfumoni", ili asiyejua aulize: natokaje? Kiswahili kina herufi mbili zinazotosha kwa hili, -mo. Kabla hujainuka jiulize: bado nimo? Ukiona jina lako bado liko juu ya ukurasa, umo.

Kuna neno jengine hukuliuliza, nalo linanitia hofu zaidi. Ukishaandika nywila, kivinjari huuliza kama kikuhifadhie. Sikio la Mpemba linalisikia neno hilo kwa wema mtupu: Mungu akuhifadhi, mtoto kahifadhi juzuu ya Amma. Nani atakataa nywila yake ihifadhiwe? Lakini hapo maana yake ni kuwekwa ndani ya kompyuta ile, tayari kwa yeyote atakayeketi baada yako. Kwenye fomu ya DHIS2, kisanduku kinapogeuka kijani, tarakimu imehifadhiwa, na hapo neno limekaa pake. Kwa nywila, kwenye kompyuta ya watu wanne, jibu hapana. Natamani wafasiri wa programu wangeuliza wazi: "Nywila hii ibaki kwenye kompyuta hii?"

Bandueni karatasi ile, muandike kwa kalamu nene: "Ingia mfumoni kwa jina lako mwenyewe. Andika nywila, usikubali ibaki kwenye kompyuta. Ukimaliza, toka mfumoni, kisha funga kivinjari."

Na tarakimu za mwezi uliopita, mwambie msimamizi wako leo hii zilivyoingia, kabla ripoti nyengine haijapita juu yake.