Supu ya mifupa haiishii kwenye bakuli la asubuhi

Ndugu uliyeuliza kama supu ya mifupa ina kazi nyingine zaidi ya kunywewa asubuhi kwa chapati, nakujibu kama mama lishe wa hapa Dodoma mjini: kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kupikia vyakula vingine.

Uzito wa supu hutoka kwenye kano, ngozi na gegedu, ambazo zikipikwa kwa muda mrefu kolajeni yake, yaani protini ngumu inayozishikilia, hugeuka jelatini, ute unaoganda ukipoa, na kuingia katika maji. Ndiyo maana supu nzuri ya makongoro huganda ikipoa, ilhali ile ya nyama tupu mara nyingi hubaki nyepesi. Mji wetu uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, kwa hiyo makongoro hapa hukawia kuiva kuliko Dar es Salaam, na asiyekuwa na subira huyatoa yakiwa bado magumu.

Mifupa, hasa ya mbuzi wa mnada wa Msalato, naianzishia katika maji baridi, naengua povu mpaka likome, kisha napunguza mkaa ili supu ichemke taratibu, kwa sababu ikitokota kwa nguvu mafuta huvurugika ndani yake ikawa na ukungu. Chumvi naiweka mwishoni, maana supu hupungua na chumvi haipungui.

Supu hiyo ndiyo ninayoipikia pilau badala ya maji, ndiyo ninayoiongeza kwenye maharage yanapokaribia kuiva, na mtori usio nayo siuhesabu kuwa mtori. Mgonjwa, supu humpa maji, chumvi na hamu ya kula, lakini asiachiwe supu peke yake siku nzima, kwani si mlo kamili. Vilevile kalisi (kalsiamu) inayotoka kwenye mifupa ni kidogo sana. Anayeitafuta ale dagaa pamoja na mifupa yao.

Inayobaki isilale jikoni, hasa katika joto la Oktoba na Novemba. Igawe katika vyombo vipana ipoe haraka, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, itumike ndani ya siku tatu, na kila ukiirudisha jikoni ichemke kabisa. Mafuta yaliyoganda juu usiyamwage, kwani yanafaa sana kukaangia vitunguu vya mchuzi.