Kuhama baina ya mafaili ndani ya Vim bila kutoa mkono kwenye kibodi

Mwaka juzi sehemu ya kugusia ya laptopu yangu iliharibika nikiwa katikati ya kazi ya tovuti ya nyumba ya wageni, huko Jambiani. Fundi akataka wiki nzima, na mwenye kazi hakuwa na wiki ya kunipa. Basi nikahamia Vim, programu ya kuandikia na kuhariri mafaili, ambayo kila kitu chake hufanywa kwa kibodi. Laptopu iliporudi sikutaka tena mtindo wa zamani.

Kosa langu lilikuwa hili: kila nikitaka faili, nafungua orodha ya mafolda na kuteremka nayo mpaka chini. Lakini jichunguze unapofanya kazi. Muda mwingi huendi mbali, uko baina ya mafaili mawili tu. Kwa safari hiyo bonyeza Ctrl na 6: uko kule. Bonyeza tena: umerudi, mstari ule ule uliouacha. Siku ile nilikuwa natafuta rangi ya kitufe cha kuwekea nafasi ya chumba. Nabadilisha namba kwenye faili la mitindo, Ctrl-6, nautazama ukurasa, Ctrl-6, nabadilisha tena, na mawazo hayakukatika hata mara moja.

Ila kwanza andika `set hidden` kwenye .vimrc, yaani faili la mipangilio ya Vim, la sivyo Vim itakukatalia kuliacha faili ambalo hujalihifadhi. Wanaotumia Neovim, programu iliyotokana na Vim, hawana haja, kwao imeshawashwa.

Mafaili yakiwa mengi, `:ls` itakuonesha yaliyofunguliwa, na `:b vyu` ikifuatwa na Tab itakukamilishia vyumba.html. Ukikuta jina la faili limetajwa ndani ya faili jingine, weka kishale juu yake ubonyeze `gf`. Ukishapotelea huko, Ctrl-o inakurudisha hatua kwa hatua kwa njia uliyojia.

Ninachokipenda khasa ni alama za herufi kubwa, unazoziweka mahali ndani ya faili ili uweze kurudi pale: `m` na herufi huweka, `'` na herufi hurudisha. Pale kwenye bei za vyumba, mahali mwenye nyumba alipokuwa akinibadilishia kila siku, niliweka `mB`. Baada ya hapo, popote nilipo, `'B` inanifikisha pale pale, hata kama Vim niliifunga jana usiku.

Usijifunze yote kwa siku moja, ndugu yangu. Kaa wiki na Ctrl-6 peke yake mpaka kidole kiende chenyewe, ndipo uongeze `:b`.