Kuruka Iten na wageni

Dada, kama wageni wako kutoka Mombasa wanafika Februari, waje tu. Januari hadi Machi mwanzoni ndio wakati mzuri wa kuruka angani kwa mwavuli (paragliding) huko Iten, mji wa Kenya ulio ukingoni mwa Bonde la Kerio, kabla mvua za masika hazijaanza. Ambao hawajawahi kuruka watafungwa pamoja na rubani kwenye mwavuli mmoja, kazi yao ni kukimbia hatua chache pale ukingoni na kutosimama ghafla.

Saa ndiyo jambo kubwa. Bonde la Kerio liko zaidi ya mita 1,000 chini ya Iten, na jua likishalichoma, hewa ya moto hupanda kwa nguvu kwenye ukuta wa bonde. Marubani wazoefu huitafuta hiyo ya adhuhuri ili wakae angani muda mrefu, lakini mgeni atarushwarushwa mpaka atapike. Ombeni asubuhi, au jioni jua likipoa. Na rubani akitazama upepo akasema leo hapana, msimbembeleze hata kidogo. Kwa hiyo wasipange siku moja tu, walale Iten angalau siku mbili.

Wavae viatu vya kufunika kisigino na koti, maana Iten iko kama mita 2,400 na ni baridi, ila chini bondeni ni joto kali, wabebe maji. Wakitua huko, gari lazima lizunguke kona za barabara ya Tambach kuwafuata, basi kubalianeni na dereva mapema. Kama muda upo, awapitishe Chebloch waone korongo la mto Kerio.