Aliwatoa 36 mfululizo, akafungwa 1-0

Ndugu, umeuliza kama besiboli ya 1-0 ina utamu wowote. Tazama ya Mei 26, 1959, pale Milwaukee, Marekani. Harvey Haddix, mrushaji wa Pittsburgh, aliwatoa wapigaji 36 mfululizo. Raundi 12 nzima, hakuna hata mmoja aliyekanyaga kituo cha kwanza. Na bado akapoteza! Mrushaji mpinzani, Lew Burdette wa Braves, timu ya Milwaukee, mipira yake ilipigwa na wapigaji wakafika kituoni mara 12, ila bao hakutoa. Raundi ya 13 Don Hoak, mchezaji mwenzake Haddix, akarusha vibaya, mpigaji wa Braves akapata kituo. Baadaye Joe Adcock wa Braves akautwanga mpira ukavuka uzio. Ilikuwa iwe 3-0, kwani wenzake wawili walikuwa vituoni, lakini mmoja wao, Hank Aaron, alidhani mechi imeisha, akakatisha njia, Adcock akampita, jambo lisiloruhusiwa. Likahesabiwa bao moja tu.