Maswali ya wasomaji: Saa ya kompyuta inapoangusha majaribio

SWALI: Nina jaribio la Python linalohifadhi rekodi mbili mfululizo, kisha linahakiki kwamba muda wa pili ni mkubwa kuliko wa kwanza. Kwenye Linux linapita siku zote. Kwenye Windows, Python 3.12, leo linapita kesho linafeli. Nimeweka time.sleep(0.01), yaani kusubiri milisekunde 10, katikati, nafuu ni kidogo. Niongeze hadi ngapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiongeze kitu. Saa ya Windows kwa kawaida husogea mara 64 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 15.625, na hadi toleo la 3.12 time.time() ilikuwa ikisoma saa hiyo. Kati ya hatua moja na nyingine namba imeganda, hata ikikuonyesha desimali lukuki. Tuseme rekodi ya kwanza imeingia milisekunde 2 baada ya hatua. Ukisubiri milisekunde 10, ya pili inaingia kwenye ya 12, saa haijasogea bado, na muda unatoka uleule. Ya kwanza ikiingia kwenye ya 9, umepona. Python 3.13 imehamia kwenye saa yenye hatua zisizofika mikrosekunde 1, ila usijengee jaribio juu ya bahati ya toleo.

Saa iingie kwenye funksheni kama kigezo:

def hifadhi(rekodi, saa=time.time):
    rekodi["muda"] = saa()

Ndani ya jaribio, tengeneza saa ya bandia mara moja, saa = iter([100, 101]).__next__, kisha ipitishe kwa hifadhi zote mbili. Ya kwanza itapata 100, ya pili 101, bila kusubiri hata chembe. Angalia usiitengeneze upya kila mara, maana zote zitapata 100.

Halafu kuna swali gumu zaidi kuhusu programu yenyewe: je, inapanga rekodi kwa muda? Kama ndivyo, jaribio lako limekuonyesha kosa la kweli. Rekodi mbili zenye muda mmoja zitatokea kwa wateja pia, tena saa ikirekebishwa kupitia mtandao inaweza kurudi nyuma. Panga kwa namba ya mfululizo. Kupima muda uliopita tumia time.monotonic(), hiyo hairudi nyuma.

SWALI: Jaribio langu linaandika faili, linasubiri sekunde 1, linaliandika tena, kisha linaangalia kama programu imegundua badiliko. Nikiendesha kwenye flashi linakataa. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Flashi yako huenda inatumia FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao hutunza muda wa kuandikwa kwa faili kwa hatua za sekunde 2. Sekunde yako 1 inamezwa humo. Ondoa kusubiri huko; baada ya kuandika mara ya pili, sogeza muda wa faili mwenyewe: os.utime(njia, (t + 10, t + 10)), ambapo t ni muda uliosomwa kwa os.path.getmtime(njia) kabla ya kuandika upya.