Umefanya Alaimenti na Gari Bado Linavuta Kushoto? Pima Joto la Rimu Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Dodoma aliniandikia kwamba amelipia alaimenti, yaani kunyooshwa uelekeo wa magurudumu, mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bado gari lake likifika mwendo wa kilomita 80 kwa saa linavuta kushoto. Nilicheka, kisha uchungu ukanirudia, kwa sababu mimi nililipia mara tatu.

Langu ni Toyota IST. Fundi wa kwanza alinikabidhi karatasi ya mashine yenye namba za kijani tupu, yaani kila kitu kiko sawa, wa pili akaunyoosha usukani, na wa tatu, mbele ya vijana wake, akaniambia, "Dada, gari hili liligongwa hukohuko Japani, zoea tu." Siku hiyo nilikuwa nimetoka Kibaha hadi Chalinze nikiung'ang'ania usukani kwa mikono miwili, na neno hilo sijalisahau.

Hakuna aliyenieleza kwamba kwenye gari kama hili, kinachorekebishwa mbele ni urefu wa tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu, na huo ndio unaoamua matairi yaelekee ndani au nje kiasi gani. Kosa la hapo hula tairi na kupindisha usukani, lakini mara nyingi silo linalolivuta gari upande mmoja.

Nikaanza kupima mwenyewe nyumbani. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, nilisawazisha upepo wa mbele kuwa psi 32 kila upande. Nikabadilisha nafasi za matairi ya mbele, la kulia likaenda kushoto, kwa kuwa tairi lenye kasoro huhama na mvuto wake. Mvuto ukabaki kushoto. Barabara zetu huinama kidogo kushoto ili maji ya mvua yatiririke, kwa hiyo nikatafuta mahali tambarare, na hapo pia gari likavuta.

Ndipo nilipoendesha kilomita 10 hivi nikigusa breki kwa nadra, nikaliacha gari lisimame lenyewe, kisha nikasogeza mgongo wa kiganja karibu na rimu. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto iliniondoa mkono upesi, na harufu ya pedi ilikuwa ikipanda: breki ya upande huo ilikuwa haiachii. Nilipolipiga jeki, gurudumu la kulia lilizunguka kwa wepesi, la kushoto likagoma kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Pini moja ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki, ilikuwa imeshika kutu, na pedi moja imeliwa kuliko mwenzake. Kusafisha pini, kuzipaka grisi ya breki na kuweka pedi mpya pande zote mbili hakukufikia gharama ya zile alaimenti tatu.

Ndugu zangu wenye magari, acheni kununua karatasi za kijani. Pimeni upepo, badilisheni nafasi za matairi ya mbele, pimeni joto la rimu; nasema tena, joto la rimu, kabla hamjatoa hata shilingi.

Nawe wa Dodoma, ukikuta rimu zote mbili zina joto sawa, niandikie tena. Zamu hiyo tutaingia chini ya gari kutazama bushi (mipira) za mkono wa chini unaoshikilia gurudumu, na boljointi, kiungo chake cha mviringo, mahali ambapo yule fundi wa tatu hakuinama hata kuchungulia.